Mwombeeni Mama Dorine

Songea,
12 Agosti 2024

Mke wangu Mama Dorine,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo Nalasi, pamoja na binti yetu Dorine na huyo mgeni mdogo aliyemzaa, ambaye mpaka leo nimemwona kwenye picha tu, amekunja uso kama mzee wa kanisa aliyeamshwa katikati ya mahubiri.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, Dorine anaweka sauti ya nje, anakuja mkwe wetu Tadei, anakuja jirani yenu, mtoto analia, tunasalimiana wote mpaka salio linakata, na mimi nabaki sijasema nawe hata neno moja. Barua hii nampa kondakta wa gari la Tunduru. Ameniahidi kuwa akifika ataikabidhi kwa bodaboda wa kuaminika, na mimi sijauliza bodaboda wa kuaminika anafananaje.

Hapa hatujambo. Baridi ya mwaka huu haitaki kuondoka, na lile bati lililolegea juu ya chumba chetu linapiga kelele kila upepo ukivuma. Mzee Otto bado anafungua kila kikao cha wazee kwa kulalamikia vipaza sauti vya makanisa mapya. Kula nakula. Getruda na kinamama wenzake wananiletea ugali na mboga ya likolo kwa zamu, na chumvi wanaweka kwa imani.

Ibada zinakwenda. Jumapili nilihubiri vizuri, kwa mujibu wa Otto. Benchi la pili upande wa madirisha, mahali pako, hakuna anayekaa. Sidhani kama wameambizana. Wameliacha tu.

Arobaini ya mzazi ikiisha nijulishe siku ya safari nije kukupokea stendi. Watu wananiuliza kila siku. Nawaambia karibu.

Wako katika Kristo,
Mch. Raphael Ngonyani


Nalasi,
26 Agosti 2024

Baba Dorine,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka petroli. Nimeisoma nikicheka mpaka nikafika kwenye saini. Zaidi ya miaka thelathini nakufulia soksi, na bado unaniandikia kama unamwandikia mkuu wa jimbo!

Mtoto mzima. Wamempa jina la marehemu baba yako, Gaspari, na kweli ana masikio yake, Mungu amsaidie. Kila asubuhi jirani yetu Bi Zulfa anakuja kumkanda Dorine kwa maji ya moto. Mkono wake mzito. Dorine akipiga kelele, Bi Zulfa anamwambia, "Vumilia mwanangu, hata mimi nililia hivi hivi, na leo sikumbuki." Kisha anakaa kunywa chai na kunieleza habari za watu wote wa Nalasi, walio hai na waliokufa.

Huku hakuna anayeniita Mama Mchungaji. Wananiita Bibi Gaspari. Siku ya kwanza niliitwa hivyo sokoni wala sikugeuka, sikujua kuwa ni mimi.

Arobaini imekaribia kuisha, lakini Dorine bado hajapata nguvu, na maziwa yake ni machache. Siwezi kumwacha hivi. Nitakaa mpaka mwezi wa tisa uishe, halafu tutaona. Usihangaike na stendi.

Soksi zako nyeusi zimo kwenye begi la bluu juu ya kabati.

Hilda


Songea,
16 Septemba 2024

Mama Dorine,

Nimezipata soksi. Asante.

Ibada ya jana ilikuwa ndefu kidogo. Watu wanakuombea sana, nami nimeona nikuambie ili usishangae ukipata salamu. Watu wa usharika huu wakipenda, wanapenda kwa kelele, unawajua.

Dorine alinipigia juzi. Aliniambia yu mzima kabisa, anafua mwenyewe, anachota maji mwenyewe, na mtoto ananyonya mpaka anatapika. Nimefurahi. Sikumwambia ulichoniandikia.

Kipaimara kimesogezwa mpaka Novemba. Nawafundisha vijana Jumamosi, na mmoja ameniuliza unajuaje kama Mungu amekusikia. Nikamwambia hilo tutalifikia mbele. Tangu hapo natembea na swali lake kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu.

Ubaki salama.

Raphael Ngonyani


Nalasi,
24 Septemba 2024

Baba Dorine,

Naomba unieleze kitu, na unieleze kama mume, usinieleze kama kikao.

Alhamisi nimeletewa kutoka Songea galoni ya asali, majani ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye gazeti, na sweta. Sweta, Nalasi, kwenye joto hili! Ijumaa Kunegunda wa kwaya akanitumia ujumbe: "Pole sana mama na maradhi. Tumefunga kwa ajili yako. Usikate tamaa." Jana mwingine ameniandikia kuwa hata mama yake aliugua hivyo hivyo na akapona.

Hivyo vipi? Nimeugua lini, na ugonjwa gani? Niambie mapema, nijue kama ni wa kukohoa au wa kuchechemea.

Bi Zulfa amejaribu lile sweta na limempendeza, amelichukua.

Hilda


Songea,
30 Septemba 2024

Hilda,

Nitakueleza kama mume.

Jumapili ya tarehe kumi na tano nilikuwa kwenye maombi ya usharika. Nilipofika mahali pa kuwaombea wagonjwa, nikakauka. Unajua ninavyokauka. Duniani hapa unajua wewe peke yako. Si kusahau maneno, maneno yapo yote. Ni kama ninanyanyua simu na upande wa pili hakuna mlio wowote. Wakati mwingine hali hiyo hupita upesi. Siku hiyo haikupita.

Nikatazama benchi la pili. Miaka sita sasa, kila nikikwama hivyo, wewe huanzisha pambio, kanisa linaitikia, kinamama wanapiga vigelegele na watu wanasema Roho ametushukia. Mimi napata nafasi ya kumeza mate, wimbo ukiisha nasema Amina, tunaendelea. Safari hii benchi lilikuwa tupu. Nikasimama. Watu wakaanza kufumbua macho, mmoja mmoja. Otto akakohoa. Ndipo nikajisikia nikisema, "Mwombeeni Mama Dorine," na sauti ikanikatika.

Ungeona kilichotokea. Kanisa zima lilipiga magoti. Hata wale wanaume wa nyuma wanaokuja kusubiri matangazo. Mlangoni wakanishika mkono wakiniuliza unaumwa nini, nami nikajibu, "Tuendelee kumwombea." Nilitafuta jibu lisilo na uongo ndani yake, nikalipata, na ndilo lililodanganya watu wote.

Sikupanga. Lakini sikulirekebisha, na hilo nimelifanya kila siku kwa wiki mbili. Mara mbili nimesimama kuwaambia. Kabla sijafungua mdomo wananiambia pole Mchungaji, na nikiangalia nyuso zao nakaa chini.

Kuna jambo baya zaidi. Getruda ameandaa safari. Kinamama wanane wa umoja wa wanawake watakuja kukutazama, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Oktoba. Unajua mgonjwa wa usharika asipotazamwa ni aibu yao, na safari hii mgonjwa ni wewe. Wameshashona sare.

Nisaidie, sijui la kufanya.

Raphael


Nalasi,
8 Oktoba 2024

Raphael,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana hasira haikuniruhusu kukaa.

Unaniomba nikusaidie. Niko zaidi ya kilomita mia tatu kutoka mimbarini kwako, na bado umekwama na bado mimi ndiye nikuanzishie wimbo.

Sasa nikuambie ninachoumwa. Nilikudanganya kuhusu Dorine, ukajua, ukanyamaza, kama kawaida yetu. Dorine hana shida yoyote. Maziwa anayo ya kumtosha mtoto wake na wa jirani. Mimi ndiye sitaki kurudi.

Nimechoka kuimba. Mwanzoni nilijivunia. Nilijiona msaidizi wako wa kweli, nina siri na mume wangu ambayo hata mkuu wa jimbo hana. Baadaye nikagundua kuwa kanisani sisali tena. Nakusikiliza wewe unavyovuta pumzi. Watu wamefumba macho wanazungumza na Mungu wao, mimi nimekaa na pambio mdomoni kama mtu aliyeshika ndoo akingoja paa livuje. Nikitoka hapo, huyu ana msiba, yule mumewe kampiga, wa tatu anataka nimwombee apate mtoto. Nawaombea. Naweka mkono kichwani, maneno yanatoka, na wao wanaondoka wamefarijika. Mimi namfuata nani, Raphael? Nyumbani ninakukuta wewe umekaa gizani na kiatu kimoja mguuni.

Hapa tunasali wachache, kwenye darasa la shule anayofundisha Dorine. Mwinjilisti wetu ni mgeni wa kazi, anababaika. Jumapili ya kwanza alikwama katikati ya maombi. Nilishtuka, mdomo ukafunguka wenyewe kutaka kuanzisha. Kabla sijatoa sauti nikaona wenzangu wametulia tu. Walimngoja. Akakaa kimya mpaka akapata neno, akaendelea. Hakuna aliyekufa. Nililia pale kwenye dawati la watoto, na nilikuwa sijalia siku nyingi.

Hujanikosea kwa namna ambayo mtu anaweza kushitaki. Hunywi, hunipigi, huna mwanamke. Lakini ulinifanya mimi kuwa imani yako, na mimi nilikuwa na ya kwangu. Sijui niliiweka wapi.

Waambie ukweli kabla hawajapanda gari. Sikuombi kitu kingine. Ukishindwa hata hilo, usiniandikie tena, na usiningoje.

Hilda


Nalasi,
21 Oktoba 2024

Raphael,

Hukuwaambia.

Nilingoja jibu lako. Badala yake Jumamosi mchana, nikiwa uani nabangua korosho, nikasikia wimbo barabarani. Nikajua. Nikanawa uso, mikono haikutakata maana yale mafuta ya maganda hayatoki kwa sabuni, nikasimama nyuma ya mlango na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilitaka niwafungulie nikiwa nimesimama wima, niwaambie, "Mimi mzima. Mwulizeni Mchungaji."

Nikachungulia. Getruda alikuwa anashuka kwenye bajaji kwa goti lake lile bovu, anashikwa na wawili. Sare zote nyekundu kwa vumbi. Kunegunda amekumbatia jogoo. Bi Zulfa akawatangulia mlangoni, wakamwambia wamekuja kumwona mgonjwa. "Mgonjwa?" akasema. "Mgonjwa gani? Hapa hakuna mgonjwa, hapa kuna mzazi."

Nikaona uso wa Getruda.

Basi nikaingia chumbani kwa Dorine, nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikavuta shuka mpaka kidevuni. Dorine alinitazama kama nimepagawa. Bi Zulfa aliingia kuniuliza, akanikuta nimelala chali, akanitazama kidogo tu, akatoka. Nikamsikia anasema, "Ahaa, huyo mgonjwa! Yumo ndani. Anaendelea, alhamdulillah, ila msimchoshe."

Walizunguka kitanda. Mikono nilikuwa nimeificha kwa sababu ya ule weusi wa korosho. Getruda akaitafuta chini ya shuka, akaitoa, akaiangalia. Hakuuliza. Aliishika yote miwili, wengine wakaniwekea mikono kichwani na miguuni, wakaomba. Hawakuwa na haraka. Hawakuomba nipone ili nirudi kuwahudumia. Waliomba nipumzike. Nani aliwafundisha kuomba hivyo?

Nilianza nikiigiza. Sijui niliacha kuigiza saa ngapi. Nililia kwa sauti mpaka mtoto akaamka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nyamaza. Maisha yangu yote kama mke wako mimi ndiye ninayeweka mikono vichwani mwa watu. Sikuwa najua mikono ya wengine ina uzito kiasi hicho.

Usijipongeze. Sikulala pale kwa ajili yako, nililala kwa ajili ya lile goti la Getruda. Hasira imepungua, uchovu uko pale pale. Kuhusu kurudi sina jibu, na la kusema ukweli nilishakuambia. Bado hujalifanya.

Hilda


Songea,
28 Oktoba 2024

Mama Dorine, mlongo wangu, ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Mimi Getruda. Unajua mimi na kalamu hatuelewani, kwa hiyo nasema na Kunegunda anaandika. Hapa tupo jikoni kwangu, hakuna mtu mwingine.

Tulifika salama. Goti limevimba lakini ndiyo kazi yake. Bi Zulfa mpe salamu, yule mwanamke hana dini yetu lakini angefaa kuwa mwenyekiti wa umoja.

Sasa habari ya jana. Mchungaji hakupanda mimbarini. Alisimama chini, karibu na benchi lako, akasema, "Mke wangu haumwi. Niliwaacha mkafunga, mkashona sare, mkasafiri, na mimi najua haumwi. Mke wangu amechoka. Amechoka kwa sababu miaka sita nikikauka hapa mbele yeye ananifunika kwa wimbo. Maombi yamenikauka, ndugu zangu. Ningekuwa na sababu ya kuwapa ningewapa. Sina." Mimi nimesema kama alivyosema, sijaongeza.

Kimya, mama! Mzee Otto alitaka kusimama aseme utaratibu, nikamvuta koti akakaa. Halafu Mchungaji akasema tuombe. Akaanza, maneno matatu, akakwama. Kunegunda huyu akafungua mdomo aanzishe pambio, nikamfinya. Ananiambia nisiliseme hili. Andika Kunegunda, andika kama nilivyosema. Nilimfinya kwa sababu niliona, huyu baba amefunikwa vya kutosha. Tukamngoja. Mtoto wa mtu akalia akabembelezwa. Tukangoja tena. Mwisho akasema "Amina" tu, na sisi tukaitikia Amina. Ndiyo ilikuwa ibada ya jana. Wengine wamekasirika, siwezi kukudanganya, wawili wametoka kabla ya sadaka. Wengi walimshika mkono.

Na sisi tuna letu la kukuambia. Tulijua huumwi. Tulijua kabla ya kupanda gari. Mama Mchungaji angekuwa anaumwa, mumewe angekaa Songea kufundisha kipaimara? Angeshafika Nalasi hata kwa baiskeli. Tukaambizana, huyu dada ametuacha, na tukimwuliza kwenye simu atatupa jibu la kanisani. Twende tukamwone. Kama ametuacha, tumuage vizuri. Nilipoingia nikaona umejifunika na viatu vinatokeza huku miguuni, nikasema moyoni, hajatuacha huyu, amechoka tu. Kwa hiyo tukaomba hivyo.

Pumzika mpaka utosheke. Ukirudi, utakaa unapotaka, na hata ukikaa nyuma na wale wanaosubiri matangazo hakuna atakayekugusa. Jana nimekaa benchi lako. Lina msumari! Miaka yote hiyo, mbona hukusema?

Ni mimi,
Getruda
(na Kunegunda, ambaye bado mkono unamuuma)


Songea,
29 Oktoba 2024

Hilda,

Getruda ameniambia kuwa amekuandikia, kwa hiyo sitarudia. Ulisema nisikuandikie kama nitashindwa kuwaambia. Nilichelewa, na nilipochelewa wewe ndiye uliyelipa. Naandika sasa kwa sababu nimewaambia.

Msumari nimeung'oa leo asubuhi. Niliupapasa kwa kiganja muda mrefu kabla ya kuleta nyundo, nikaona aibu kuliko hata Jumapili.

Nimemwomba mkuu wa jimbo likizo. Akauliza ya muda gani, nikasema sijui. Akanyamaza kwenye simu, nami nikamngoja, kisha akasema niende. Vijana wa kipaimara nimewakabidhi kwa Otto, Mungu awahurumie. Yule wa swali nilimwambia kuwa hata mimi sijui. Akaonekana kuridhika kuliko siku ile.

Imani iliyobaki kwangu ni kidogo mno. Jana nilikaa nayo sebuleni, bila neno, na haikuondoka. Ni yangu hiyo. Sitakupa uibebe.

Siji kukuchukua. Nakuja kumwona Gaspari, na kubangua korosho kama mtanifundisha. Ukisema nilale sebuleni kwa mkwe, nitalala sebuleni. Naondoka Alhamisi na gari la kwanza, na jioni natarajia kuwa hapo.

Ukinisikia napiga hodi usiinuke, na usiniimbie. Kama umelala na kuna nafasi, sogea kidogo.

Raphael